Msomaji wa Baba

Maboksi ya vitabu vya mtaala mpya yaliletwa shuleni kwetu wiki ileile aliyofariki Baba. Nilipofungua la kwanza ilinijia harufu ya karatasi ambayo haijaguswa na mkono wa mtu, gundi na wino, na nyuma yake kitu kama mafuta ya taa. Nilisimama stoo, mwanamke mzima mwenye shahada mbili na goti bovu, nikinusa kitabu cha darasa la kwanza kama mtu anayenusa maziwa ili ajue kama yamechacha. Mkuu wangu wa kazi alinikuta hivyo, akaniuliza kama niko sawa. Nilimwambia nakagua vitabu.

Ninafundisha kusoma katika shule ya msingi huku Louisville, upande wa Okolona, ambako wazazi wengi wa wanafunzi wangu hupakia mizigo kwenye maghala usiku na kulala mchana. Napewa watoto waliobaki nyuma. Katika kazi hii nimeshahudhuria mazishi ya nadharia kadhaa. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto hujijengea maarifa mwenyewe: mzungushie vitabu vizuri, mwache aangalie picha na kukisia, na kusoma kutamjia kama kuongea kulivyomjia. Niliandika kazi ndefu ya kuitetea nadharia hiyo, nikapata alama nzuri, na kwa miaka mingi mtoto alipoangalia picha na kusema "farasi" wakati neno lililoandikwa ni "punda", nilimsifu kwa kufuata maana. Sasa maboksi yanasema tulikosea. Mtoto afundishwe sauti za herufi, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kila siku. Nayakubali, kwa sababu naona watoto wanasoma. Ila hayo yanafanana sana na mtindo wa mwalimu wangu wa kwanza, isipokuwa yeye aliongezea fimbo.

Harufu ile ilikuwa ya Biblia ya Baba. Biblia hiyo ilitujia mpya, ndani ya nailoni, ikawekwa kwenye rafu karibu na chupa ya mafuta ya taa, na humo chumbani hapakuwa na kitu kingine chochote ambacho hakikuwa kimetumiwa na mtu mwingine kabla yetu. Tuliishi katika makazi ya wakimbizi, magharibi mwa Tanzania. Wazazi wangu walikuwa wamekimbia Burundi kabla sijazaliwa. Siku za kazi Baba alilima mihogo kama kila mtu, na Jumapili alikuwa Mwinjilisti.

Kwa wenzangu waliokulia makanisa ya makazi yale sihitaji kueleza, lakini wanetu hawajui. Mhubiri wa kwetu hakushika kitabu. Alisimama mikono mitupu, leso begani, na pembeni yake alisimama msomaji. Mhubiri akisema "Soma," msomaji anasoma kidogo. Mhubiri anamkata, analichukua lile neno, analigeuza, analipandisha na kulishusha mpaka akina mama wanainuka kwenye mabenchi. Kisha "Soma," na msomaji anaendelea. Hata wahubiri waliosoma seminari walifanya hivyo. Ilikuwa kazi ya watu wawili, kama msumeno mrefu wa kupasulia mbao. Msomaji wa Baba alikuwa dada yangu Dorika, msichana mrefu mwenye sauti isiyotetemeka. Jioni za katikati ya wiki alimsomea Baba sura ya Jumapili nyumbani, tena na tena, Baba akisikiliza huku amefumba macho, nami nimelala kwenye mkeka nikisikiliza wote wawili.

Mimi niliielewa picha ile kwa namna yangu. Aliyeshika kitabu ndiye aliyeambiwa simama, kaa, rudia, tosha. Asiyeshika kitabu ndiye aliyeamuru. Shuleni pia mtoto alisoma na mwalimu akatembea huku mikono iko nyuma. Siku ya mgao wa chakula karani alisoma majina mpaka koo likamkauka, na mkubwa wake alikaa ndani ya gari akila karanga, hasomi chochote. Nikahitimisha kwamba kusoma ni kazi ya wadogo, kama kuteka maji. Unaifanya mpaka unapokua, kisha unaachiwa. Baba alikuwa ameshapita huko. Na kwa kuwa nilimpenda Baba kuliko kitu chochote, niliamua kutopoteza muda: nitaruka hatua ile, nianze moja kwa moja na kuwa mkubwa.

Haikuwa vigumu. Darasa letu lilikuwa na kitabu kimoja kwa benchi zima. Mwalimu aligonga ubao, sisi tukaimba ba be bi bo bu, kisha tukaimba ukurasa mzima kwa pamoja. Nilikuwa na masikio mazuri. Nikishausikia ukurasa umeimbwa mara chache ulikuwa wangu, na nikiitwa mbele niliushika mbele ya uso na kuutoa wote bila kukwama, nikiiga hata namna Dorika alivyovuta pumzi. Mwalimu alinisifu kuwa msomaji bora wa darasa. Miaka mingi baadaye, katika chuo kimoja hapa Kentucky, profesa alitueleza habari za wale wataalamu wa zawadi na adhabu, walioamini kwamba unachokisifu ndicho kitakachoota. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka kidogo kununua kahawa.

Kisha Dorika akachumbiwa na kijana wa makazi mengine, mbali na kwetu. Watu walifurahi. Mzee Yakobo, kiongozi wa wazee wa kanisa na mtu wa utani, alimsimamisha Baba nje ya kanisa.

"Mwinjilisti, huyo mkwe wako ameoa binti au ameoa mimbari?"

"Ameoa binti," alisema Baba. "Msomaji ninaye mwingine nyumbani."

Mzee Yakobo aliniangalia. "Huyu asiye na meno ya mbele?"

"Meno hayasomi, Mzee. Muulize mwalimu wake."

Nilisimama pale nimejaa fahari, sijaona hatari yoyote. Sikujua kwamba Baba angeweza kumchukua kijana yeyote wa kwaya amsomee, na kwamba hakutaka kwa sababu moja tu: mtu wa nje angelazimika kuja nyumbani jioni kumsomea sura nzima, na angetoka akijua jambo ambalo mle kijijini walilijua Mama na Dorika peke yao. Mimbari ya Baba ilisimama juu ya siri hiyo, na sasa aliiweka mikononi mwangu.

Dorika alipoondoka, siku ya kwanza Baba aliomba habari za Lazaro. Nilifungua kitabu popote palipofunguka, nikavaa uso wa Dorika, nikasema. Baba alifumba macho akatikisa kichwa polepole. "Umemzidi dada yako," alisema, na Mama akacheka. Jumapili nilisimama juu ya kigogo cha mti ili nionekane, na tulifanya kazi ile kama watu wazima wawili. Alisema "Soma," nikatoa. Alinikata, nikakatika. Sijawahi tena kuwa karibu na mtu kiasi kile. Tukafanya Jumapili nyingine, na nyingine, mwana mpotevu, tufani ziwani, na kila sura niliyokuwa nayo kutoka kwenye mkeka. Sura zile zilianza kurudi, na watu wakasema Mwinjilisti siku hizi anampenda Lazaro sana.

Halafu kanisa likaamua kujenga kwa matofali ya kuchoma, na Mzee Yakobo akamwomba Baba ahubiri kitabu cha Nehemia, habari za kujenga kuta. Dorika hakuwahi kukisoma kitabu hicho.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Baba alikaa kwenye kigoda, akafumba macho.

"Nehemia, toka mwanzo. Soma."

Nilifungua kitabu.

"Soma, mama, jua linakwenda."

"Soma wewe, Baba."

Akafumbua macho. "Nani?"

"Wewe. Wewe mkubwa. Ulishamaliza."

"Nilishamaliza nini?"

"Kusoma."

Nilimpa kitabu. Sikuwa na ujeuri. Nilidhani ataifanya kazi ile ya kitoto mara moja tu, kunisaidia, kama Mama alivyonipokea ndoo mikono yangu ilipochoka. Baba alikipokea akakiweka magotini. Aliutazama ukurasa muda mrefu. Alipitisha kidole gumba pembeni mwa karatasi, akafunua wa pili, akarudi kwenye ule wa kwanza. Kuku aliingia ndani, hakuna aliyemfukuza. Mama alikuwa ameacha kuchambua.

"Mwambie tu," Mama alisema.

"Sikumaliza, mama," Baba aliniambia. "Sikuwahi kuanza."

Nikaona ni haki nami nimwambie. "Hata mimi."

Hakuelewa mara moja. Aliniangalia, akakiangalia kitabu, akamwangalia Mama, na nadhani wakati huo Jumapili zote zilikuwa zinapita kichwani mwake, watu wawili mbele ya kanisa lililojaa na kitabu kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekijua. Alianza kucheka. Mama akacheka mpaka ungo ukainama na maharage yakamwagika, nami nikacheka kwa sababu wao walicheka. Kisha kicheko kikaisha, cha Mama kwanza, halafu cha Baba, na mbele yetu ilibaki Jumapili.

"Sema unaumwa," Mama alisema.

"Mpaka lini?"

Kumfuata Dorika kulitaka safari ndefu, na alikuwa mke wa watu sasa. Jumamosi Baba alikwenda kumwomba Elisha, kijana wa Mzee Yakobo, aliyekuwa anamaliza shule. Hakumwita nyumbani. Alimwambia tu, kesho Nehemia.

Elisha alisoma vizuri, na uzuri huo ndio uliokuwa taabu. Alisoma haraka, hakujua pumzi ya Baba, na Baba aliyasikia maneno yale kwa mara ya kwanza sawa na sisi wote. Nilikuwa benchi la mbele karibu na Mama. Nilimwona Baba akiinua mkono kumkata, akachelewa, akaushusha.

"Hapo, rudia," alisema Baba.

"Nirudie mstari upi, Mwinjilisti?" Elisha aliuliza kwa heshima.

"Huo huo."

"Wa tatu au wa nne?"

"Huo wenye kuta."

"Yenye kuta ni mingi, Mwinjilisti."

Mtu mmoja nyuma alicheka, si kwa ubaya. Mzee Yakobo akainuka. Alikuwa na Biblia yake imefunguliwa mkononi, na hata leo naamini hakutaka ila kusaidia. Alipanda pale mbele, akaishika mbele ya macho ya Baba, akaweka kidole kwenye mstari.

"Ni huu hapa. Usome tu mwenyewe, tuendelee."

Baba aliutazama. Nilikuwa naujua mtazamo ule, niliuona Ijumaa. Kanisa zima lilisubiri, kwanza kwa uvumilivu, halafu kwa namna nyingine. Mzee Yakobo aliangalia kitabu, akaangalia uso wa Baba, na mkono wake ukaanza kushuka polepole, kama mtu aliyegundua kwamba ameingia chumbani wakati mwenyewe anavaa.

"Tuombe," alisema Baba.

Aliomba kwa ufupi, akaketi. Hakuhubiri tena.

Wazee walikuja nyumbani wiki ile, wakanywa uji, wakaongea kwa adabu kubwa. Mwinjilisti apumzike kidogo. Kuna darasa la watu wazima, litachukua miezi michache tu, akishajua herufi atarudi mahali pake. Baba aliwashukuru mmoja mmoja. Darasa lilifanyika mlemle kanisani, na aliyefundisha alikuwa dada yake Elisha. Kila siku lilipokuwepo, Baba alikuwa na kazi shambani. Jumapili alianza kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na mtu asiyejua alipoomba mzee yule ahubiri, aliambiwa kwa sauti ya chini.

Mimi nilijifunza kusoma katika majuma yaliyofuata, peke yangu, kwa hasira. Nilimwomba Mama anionyeshe alama ambayo Dorika alikuwa ameiacha kwenye habari za Lazaro, unyoya wa kuku. Maneno nilikuwa nayo yote. Nilichokosa ni kujua yamekaa wapi. Nilichukua ba be bi bo bu za mwalimu nikaziwinda ndani ya ukurasa ule mpaka jina Lazaro likasimama, kisha kaburi, kisha jiwe. Walimu wenzangu wakigombana kama mtoto aanze na sauti au na maana, mimi hukaa kimya. Nilianza na vyote viwili, na msukumo wangu haupo katika kitabu chochote cha ualimu nilichokisoma.

Nilipoweza kweli nilimfuata Baba shambani. Nilikuwa nimebeba Biblia ndani ya kanga.

"Baba, sasa najua. Nikusomee?"

Aliegemea jembe. "Unajua kweli, au unajua kama zamani?"

"Kweli. Chagua popote."

Aliniangalia, na nilidhani atachagua. "Jisomee, mama," alisema. "Mimi nimeshiba."

Tulipoletwa Marekani tulimwagwa kama karanga: wazazi wetu Buffalo, Dorika Columbus anakotunza wazee wa watu, mimi Louisville. Baba alipakia vifaa kiwandani mpaka mgongo ukakataa. Mama alipofariki alikubali kwenda darasa la Kiingereza, kwa ajili ya kutoka nje, alisema. Mwalimu, binti mchangamfu, alimwonyesha kadi zenye picha. Kwenye simu Baba alinisimulia: "Ananionyesha ndizi, nasema ndizi, anapiga makofi. Mwalimu wenu anafurahi kwa kitu kidogo." Wakati huo nami nilikuwa nawapigia watoto makofi hivyohivyo Louisville kwa kukisia picha. Nilimwambia awe na subira, kuna nadharia nyuma yake. Alicheka. Theluji ilipoanguka aliacha kwenda.

Kwa hiyo, wiki ile aliyofariki, niliyaacha maboksi stoo, nikaendesha gari mpaka Columbus, nikawachukua Dorika na binti yake Neema, tukaelekea Buffalo. Dorika alikuwa anaandika wasifu wa marehemu kwenye simu.

"Nimeandika Mwinjilisti," alisema, tulipoanza kuliona ziwa.

"Dada, hiyo kazi aliiacha zamani."

"Hakuiacha. Ilimwacha."

"Watu wa kule wanamjua kwa benchi la nyuma tu."

"Kwa hiyo tumzike na benchi?"

Alifuta, akaandika, akafuta tena. Karibu na Lackawanna aliuliza taratibu, "Wakisema tunadanganya?"

"Nitasoma mimi," nilisema. "Waniulize mimi."

Kanisa lilikuwa la kukodi, na mchungaji kijana Mkongo mwenye haraka kwa sababu ya barafu. "Bon, ba famille, muko na dakika tano, donc tufanye mbiyo, kule ku makaburi banatungojea." Nilisimama nikasoma. Nasoma vizuri, ndiyo mkate wangu. Nilipofika kwenye Mwinjilisti nilipandisha sauti kidogo kisha nikainua macho, nikisubiri kikohozi, mtu kumnong'oneza jirani, uso wowote wenye swali. Nadhani nilikuwa natamani mmoja apinge. Watu waliitikia Amina na kungoja mstari unaofuata. Hapakuwa na wa kupinga, kwa sababu mle ndani hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia akihubiri, ila Dorika na mimi.

Tuliporudi kutoka makaburini tulipewa ugali na samaki kwenye ukumbi wa chini. Neema alikaa kati yetu bado amevaa koti. Aliuliza kwa Kiingereza kama ni kweli Babu alikuwa mhubiri.

"Ni kweli," nilisema.

"Alikuwa anahubirije? Nionyesheni."

Dorika alinawa mikono. Alikaa wima, na ghafla sauti yake ya zamani ikatoka, haitetemeki, habari za Lazaro bila kitabu. Alisoma kidogo kisha akakatika, pale Baba alipokuwa anamkata. Akaniangalia. Nilikuwa nimeinua mkono tayari, kama Baba, kiganja juu. Niliikumbuka leso. Niliikumbuka pumzi aliyovuta, mshipa wa shingo, na akina mama wanavyoinuka. Nilifungua mdomo. Kila kilichosomwa katika nyumba ile ninacho mpaka leo, sura kwa sura. Alichokisema Baba hakuna aliyekiandika, na mimi niliyekariri kila kitu sikuwa nimekikariri, kwa kuwa sikudhani kama kinaweza kwisha.

Dorika alisubiri, akasoma kipande kilichofuata, akakatika tena.

"Halafu?" Neema aliuliza.

"Halafu anaongea Babu."

"Anasema nini?"

Dorika alivuta sahani yake karibu, akaanza kumtolea Neema miiba ya samaki.

"Yalikuwa maneno mazuri," alisema.